Nyumba Usiijenge Pale

Bulla Pesa, Isiolo
Jumapili, alasiri

Nasieku mwanangu,

Ninakuandikia na huku nakusikia. Umekaa kwenye kigoda mlangoni pa Mama Habiba, anakusuka nywele za safari, na kila akivuta unaguna kama ulivyokuwa ukiguna ulipokuwa mdogo. Amepita hapa sasa hivi kutafuta kitana chake, akaniona na karatasi, akasimama.

"Mwalimu, mtu ako hapo nje anasukwa, na wewe unamwandikia barua? Si umwite tu?"

Nilimwambia kuna maneno yanayonitoka vizuri zaidi kwa kalamu. Akasema watu wa milimani ni watu wa ajabu, wataongea na mbuzi mchana kutwa lakini mtoto wao watamtumia posta. Akacheka, akaenda zake. Ana haki ya kunicheka. Babu yake alikuja hapa na jeshi la mkoloni akapewa kipande cha ardhi, na ni katika vyumba vilivyojengwa juu ya kipande hicho mimi na wewe tulipata pa kulala tulipofika mjini hatuna chochote. Wewe amekulea kuliko nilivyokulea mimi.

Kesho utapanda lori la mwanawe, lile linalorudi Oldonyiro tupu baada ya kushusha mbuzi wa mnada. Kutoka hapo utapanda mlima kwa miguu mpaka kwa nyanya yako, na wiki ijayo utasimama mbele ya darasa katika shule mpya ambayo mimi sijaiona. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala kufunga mlango. Hayo unayajua, na yale usiyoyajua Mama Habiba amekwambia mara nyingi hata mimi nimeyakariri. Nina jambo moja tu. Ile nyumba uliyonichorea, usiijenge pale.

Wiki iliyopita uliniletea daftari lako lenye miraba ukanionyesha. Vyumba viwili, jiko nje, dirisha la kutazama bonde, na kuzunguka vyote hivyo ua wa seng'enge, umeuchora kwa vijistari vidogo na nguzo zake zote. Uliniambia umesikia kwamba msingi wetu wa zamani upo bado, mawe yake ni mazima, na kwamba chifu amesema mahali pa baba ni mahali pa mtoto. Nilisema ni nyumba nzuri. Kisha nikatoka kama mtu aliyekumbuka kitu dukani, nikazunguka hadi upande wa soko la mifugo, nikarudi mikono mitupu. Ukaniuliza nilikwenda kununua nini. Barua hii ndiyo jibu.

Msingi ule niliuchimba mimi. Na kabla sijauchimba, pale palikuwa na wenyewe.

Utapanda kwanza kwenye migunga, halafu mawe, halafu utaingia kwenye mitarakwa, na hapo hewa itabadilika hata sauti yako mwenyewe utaisikia kama ya mtu mwingine. Chemchemi iko chini ya mwamba mkubwa. Juu yake kidogo pana uwanda, mahali pekee palipo sawa katika upande ule wote wa mlima. Mimi nilizaliwa mbali kidogo na hapo, mteremkoni, katika nyumba ya fito iliyokandikwa kwa kinyesi cha ng'ombe, nyumba ya Yeyo. Yeyo ni mama kwa lugha yetu, na wewe pia ulimwita hivyo kwa kuwa ulinisikia mimi.

Kila mtoto wa pale alijua kwamba uwanda ule ni njia ya ndovu. Hakuna aliyetuketisha chini kutufundisha, kama ambavyo hapa hakuna anayemfundisha mtoto kwamba barabara ni ya magari. Majira ya kiangazi walikuja jioni kutoka msitu wa chini, wakavuka uwanda, wakanywa, wakapita kwenda upande wa pili. Pale pamekuwa sawa kwa sababu ya miguu yao, tangu zamani zisizojulikana na mtu. Kwa hiyo usidhani nilijenga kwa kutojua. Nilirudi kutoka chuo cha ualimu nikiwa na mshahara, nikiwa mtu wa kwanza kupandisha mabati mlima ule, kwa punda, na nilitaka nyumba inayosimama wima na kuonekana kutoka bondeni. Nilijiambia ndovu wana mlima mzima, watapata pengine.

Yeyo alikuja akaizunguka kamba niliyokuwa nimeivuta kupima. Hakunikataza. Aliuliza tu kama naweza kuisogeza karibu na mwamba ili wabaki na nafasi. Nikaisogeza. Yeye akaridhika, mimi nikaridhika, na nitakuambia ukweli, hata ndovu waliridhika. Walikuja kiangazi cha kwanza, wakasimama mbele ya nyumba muda mrefu wakiinusa, kisha wakaizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Asubuhi tulikuta tope kwenye kona ya ukuta, juu kuliko mlango. Mmoja wao alikuwa amejikuna hapo. Nilitaka kupaka chokaa upya. Mama yako akakataa, akasema nyumba imepigwa muhuri, sasa ni halali.

Uliniambia kwamba huko unakumbuka mlio wa mabati tu. Ule ulikuwa mlio wa nyani. Walipanda juu ya paa jua likichomoza ili wapate joto, na wale wadogo waliteleza kutoka juu hadi ukingoni, wakaanguka chini, wakapanda tena. Wewe ulikuwa unalala chali kitandani ukifuata kila mlio kwa kidole. Mchana walikaa kwenye mwamba wakingoja mama yako aanike mahindi. Aliwatupia mawe na matusi, nao wakamrudishia matusi yao, na naapa kuna jike mmoja mzee aliyekuwa amejifunza kumwigiza anavyoshika kiuno.

Usiku pimbi walipiga kelele kama watu wanaonyongwa, na mgeni yeyote aliyelala kwetu aliamka akishika rungu. Chui alimchukua mbwa wetu nje ya mlango bila hata kuacha damu. Tulikuwa na tandala dume aliyekuja kulamba pale nilipomwaga maji ya chumvi baada ya kuchinja. Pembe zake zilitangulia kutoka msituni, halafu baada ya muda yeye mwenyewe. Haya nayaandika nikiwa nimekaa katika chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa choo cha jirani. Nimeishi hapa miaka mingi kuliko niliyoishi katika nyumba ile, na bado nikiamka kabla ya alfajiri nanyamaza kwanza, nisikilize paa.

Mama yako hakuzaliwa mlimani. Alitoka huku chini kwenye vumbi, na alipofika aliogopa kila kitu kwa muda wa mvua moja, kisha hakuogopa tena. Yeyo ndiye aliyemfundisha kuimba akienda majini. Wanawake wa kwetu wakishuka chemchemini jua likielekea kuzama huimba njia nzima, ili aliye majini asikie, amalize kunywa, aondoke kwa heshima yake. Wengine waliimba nyimbo za arusi. Mama yako alitunga zake. Aliwaambia ndovu bei ya sukari imepanda, aliwaambia mkwe wake anamsema kwa majirani, aliwaambia mwalimu anakoroma. Mimi nilikaa mlangoni nikisahihisha madaftari huku siri zangu zote zikiteremka bondeni. Siku moja nilimwuliza kwa nini asiimbe nyimbo za kanisani kama mke wa mwalimu. Akasema, "Hizo wanazijua. Wanataka habari."

Sasa nifike kwenye ua.

Nilikuwa nimeanza shamba dogo la mahindi na sukuma wiki kati ya nyumba na chemchemi. Nyani walikula, tandala walikula, na ndovu walipopita walikanyaga bila hata kuonja. Nikanunua seng'enge. Nilichimbia nguzo za mutamaiyu, ule mzeituni wa porini, nikazungusha waya kutoka kona ya nyumba hadi karibu na mwamba. Nyani waliugeuza ua ule kuwa ngazi tangu siku ya kwanza. Yeyo alisema nimewajengea kiti. Wote tukacheka, na mimi nikacheka nao, lakini sikuutoa. Nilikuwa nimeupenda. Ulikuwa umenyooka kama mstari kwenye daftari. Watu waliokuja kutoka mbali walisimama kuutazama.

Ua ule uliacha kichochoro kati yake na mwamba, na kichochoro hicho ndicho kilichokuwa njia ya majini, ya watu na ya ndovu. Kabla ya hapo mtu akikutana nao uwandani alisogea pembeni tu, akangoja. Sasa hapakuwa na pembeni. Mama yako aliliona hilo kabla yangu. Aliniomba nikate waya sehemu ya katikati, niache mlango mpana. Nikasema kesho. Aliniomba tena, nikasema kesho. Siku ya tatu tuligombana. Nilimwambia hajui gharama ya kitu, na yeye akaniambia mimi najua gharama ya waya tu. Akachukua mtungi akatoka. Jua lilikuwa limeshagusa mlima wa mbele.

Sikumsikia akiimba.

Nimeirudia jioni ile mara nyingi sana, Nasieku, na kila mara nafika hapo. Labda aliimba polepole. Labda alikuwa na hasira na mtu mwenye hasira haimbi. Nilisikia mtungi ukivunjika, kisha waya ukilia kama uzi wa zeze, nguzo baada ya nguzo, hadi kwenye kona ya nyumba. Nilipofika, ndovu walikuwa wameshaondoka. Palikuwa na nyayo za jike mkubwa, na katikati yake nyayo ndogo. Alikuwa na mtoto. Mama yako na mama yule walikutana katika kichochoro, mmoja anashuka na mwingine anapanda, na kila mmoja alikuwa na kwake kwa kurudi. Wewe ulikuwa umelala ndani. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Tulimzika upande wa juu, penye mtarakwa uliopinda. Yeyo aliweka tawi bichi juu ya kaburi, na kila aliyekuja aliweka lake, kama tunavyofanya. Baadaye wakaja askari wa wanyamapori na bunduki. Mimi ndiye niliyekwenda kuwaita. Walingoja mwambani siku mbili, na ndovu wa kwanza aliyeingia uwandani wakampiga. Alikuwa jike. Alianguka pale pale, mbele ya nyumba. Hatukujua kama ndiye. Mimi nilisema ndiye. Ndovu mdogo alikaa kandokando ya msitu kwa muda, tukimsikia, halafu hatukumsikia tena.

Asubuhi yake nilitoka nikamkuta Yeyo amesimama karibu na yule ndovu. Alikuwa amevunja tawi la mutamaiyu, akaliweka juu ya kichwa chake, taratibu, kama mtu anayemfunika aliyelala. Unajua kwamba kwetu ndovu aliyekufa huwekewa jani bichi kama mtu. Nimefanya hivyo nikiwa mtoto, njiani, kwa mifupa ambayo sikujua ni ya nani. Lakini asubuhi ile nilihisi ninapigwa kofi.

Nikamwuliza, "Yeyo, unafanya nini?"

"Unaona ninachofanya."

"Huyo amemuua mama yake Nasieku."

"Labda ni huyu. Labda siye." Alilisogeza tawi lisianguke. "Majuzi nilimwekea mke wako. Leo namwekea huyu. Kwani nina mkono mwingine?"

Nikamwambia akae na ndovu wake. Maneno hayo hayo, "Basi kaa na ndovu wako," na hayo ndiyo ya mwisho niliyomwambia mama yangu uso kwa uso. Nilikubeba siku ile ile. Aliteremka nyuma yetu njia nzima akiwa na blanketi lako mkononi, lile la mistari myekundu, kwa sababu nilikuwa nimelisahau. Penye barabara aliliinua kunipa. Sikulipokea. Wewe ndiye uliyenyoosha mkono ukalichukua, kisha lori likaondoka. Nadhani hiyo ndiyo sababu ulikuwa hulali bila blanketi lile mpaka ulipokuwa msichana mkubwa, na Mama Habiba akafikiri ni tabia tu.

Mjini nilipata kazi ya kufundisha, na kazi ilinifaa. Niliwafundisha watoto wa wafanyabiashara, wa makarani, wa wauza miraa, wa wachungaji waliopoteza mifugo. Nilisoma kila kitabu na kila gazeti lililofika hapa, hata yale yaliyofungiwa nyama. Watu wakaniita mtu wa elimu. Lakini lipo somo moja nililokufundisha wewe peke yako nami sikulijua kuwa ni somo. Unakumbuka siku tuliyowapeleka wanafunzi kuona wanyama kule kwenye hifadhi ya jirani? Basi lilisimama, kundi likavuka barabara mbele yetu, na watoto wote walijazana madirishani wakipigana vikumbo. Wewe peke yako uliinama ukatazama viatu vyako hadi mwisho. Mwalimu mwenzangu aliniuliza kama unaumwa. Nikasema hapana. Nami nilikuwa nimekaa mbele, nikitazama viatu vyangu.

Nilifurahi, mwanangu. Nilifurahi kwamba simchukii mnyama yule peke yangu. Ulikuwa hujui lolote juu ya ua, wala mlango niliosema nitaukata kesho. Ulijua tu kwamba ndovu alimuua mama. Kila ulipouliza, nilikupa sentensi hiyo moja tu, na sentensi yenyewe ni kweli, ndiyo maana ilikaa muda mrefu. Kama ningekusimulia na mengine, labda ungeninyima mimi uso wako badala yao. Hilo ndilo nililoliogopa. Leo umeshapata cheti chako, una kazi yako, unaweza kukasirika na kuondoka na bado ukala. Kasirika kama ni lazima. Ila kasirika ukijua.

Yeyo hakuondoka mlimani. Ulipokuja ule ukame mkubwa watu wengi waliteremka, ng'ombe wamekwisha, wengine wapo hapa hapa Bulla Pesa wanabeba mizigo sokoni. Kisha wakaja wezi wa mifugo, waliobaki nao wakashuka. Yeye alikaa. Kila mnada, wafanyabiashara wa Oldonyiro wakileta mbuzi, mmoja wao huja kunitafuta shuleni au hapa nyumbani. "Yeyo anauliza kama mtoto anakula." Nikajibu, mwambieni anakula. Mnada mwingine, "Yeyo anauliza kama mtoto anasoma." Mwambieni anasoma. Miaka yote hiyo hakuuliza habari zangu hata mara moja, na mimi sikuuliza zake, lakini kila mnada nilikaa mahali wanapoweza kuniona.

Kwao ndiko nilikosikia mengine. Wenye bunduki walifika hata kule, wakafuata pembe, na wakawamaliza ndovu makundi kwa makundi. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani nitafurahi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya debe. Nilimkumbuka yule aliyejikuna kwenye kona yetu. Kiangazi kilichopita, wanasema, alipita jike mmoja na wawili wadogo. Walifika uwandani wakasimama kwenye msingi wetu, wakaunusa, wakauzunguka kama vile kuta bado zipo. Paa lilishachukuliwa zamani, kuta zilianguka kwa mvua, na bado wanaizunguka nyumba yangu.

Mnada wa juzi alikuja kijana mmoja, akasema Yeyo amesikia kwamba umepangiwa shule ya kule, amefurahi, na anauliza neno moja, "Nyumba mtaweka wapi?" Alitaka jibu arudi nalo jioni ile. Nikamwambia jibu utalileta wewe.

Jenga mteremkoni, karibu naye. Utachimba upande mmoja na kujaza mwingine, ni kazi ya jembe na mawe, na hata ukimaliza nyumba itaegemea kidogo. Utaizoea. Yachukue mawe ya msingi wangu, yote, usiache hata moja. Waambie wanafunzi wakubwa wakusaidie. Nguzo kama zipo bado zitoe, na waya uzungushe uufunge, usiuache kwenye nyasi. Nataka pale pabaki uwanda. Huenda hawatapita tena. Huenda yule jike na wadogo wake walikuwa wa mwisho, na utaishi pale miaka yako yote ukitazama mahali patupu. Paache hivyo.

Jioni ukienda majini, imba. Huna haja ya wimbo mzuri. Wape habari.

Watu huniuliza kwa nini siendi nawe, na nawaambia magoti yangu hayawezi mlima. Ni kweli hayawezi. Lakini hayakuwa hivi tangu mwanzo, na ulikuwapo wakati ambapo yangeweza na sikuyatuma. Usimwambie Yeyo kwamba ninaumwa. Asije akanionea huruma kabla hajanikasirikia.

Fuvu la yule ndovu lipo bado ukingoni mwa uwanda, limekuwa jeupe. Kijana aliniambia kwamba Yeyo hubadilisha majani yake kila anaposhuka majini, na kwamba kaburi la mama yako halijawahi kukosa jani bichi hata siku moja. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, anavunja tawi kwa kupapasa.

Ukifika, nenda kwanza kwa mama yako. Vunja tawi la mtarakwa ule ule uliopinda, umwekee. Halafu shuka uwandani na Yeyo.

Nimekwenda uani sasa hivi nikakata tawi la mwarobaini, huu unaotupa kivuli cha kufulia. Mama Habiba ameniona, akaendelea kusuka. Nimelifunga kwenye gazeti lenye maji na kuliweka juu ya sanduku lako pamoja na barua hii. Gazeti litakauka kabla hamjafika Oldonyiro, na utakapomaliza kupanda mlima majani yatakuwa yamenyauka. Kwetu huwekwa tawi bichi, najua. Wewe liweke hivyo hivyo, juu ya fuvu. Yeyo akiligusa atauliza ni la mti gani huu usioota mlimani, na kwa nini limekauka. Mwambie limetoka mbali.

Baba yako